Zulia la Mama Kabatini

Mama yangu hakujua kukaa bure. Alipokuwa msichana kule milimani, walimu wa misheni walimfundisha kutengeneza zulia. Unafumua sweta za mitumba, unakunja uzi wa sufu, halafu unauvuta kitanzi kwa kitanzi kwenye gunia la mkonge kwa sindano yenye kulabu. Milimani kuna baridi, kwa hiyo zulia lilikuwa na kazi. Alipoolewa akashuka Mabwerebwere, kwenye joto la Kilosa, majirani wakamcheka: "Mwenzetu, sakafu nayo unaivalisha sweta?" Akacheka nao, akaendelea kuvuta uzi.

Sisi watoto hatukuona cha kucheka. Tukitoka shule tulilala kifudifudi juu ya zulia, sufu ikituchoma viwiko kidogo, kisha tukaizoea na usingizi ukatuchukua. Masika lilinuka kama mbuzi aliyenyeshewa, na mpaka leo harufu hiyo inanituliza. Hata nikifumba macho, vidole vya miguu viliniambia nimesimama wapi: uzi wa sweta kuukuu ya baba ulikuwa mzito, ule wa buluu ulikuwa laini.

Nilipojenga Mikumi, Mama alinitengenezea langu. Lilimchukua mwaka mzima. Nililipenda mno, na hapo ndipo nilipokosea. Kwetu kitu kizuri hakitumiwi, kinamsubiri mgeni. Nikalikunja, nikaliweka kabatini pamoja na vikombe vya maua na chupa mpya ya chai. Wageni walikuja, nikaona viatu vyao vina vumbi la barabara kuu, nikaliacha hukohuko. Sakafu yangu ya marumaru ikabaki tupu, inang'aa, nami najisifu.

Kisha Mama akaanguka uani kwake, peke yake, akakaa chini mpaka jirani alipopita. Nilimfuata siku ileile nikamleta kwangu. Sikutaka arudi tena kwenye nyumba ile, maana safari nyingine huenda jirani asipite. Yeye hakubisha. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kochi, nyayo kazinyanyua sakafuni, kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani hospitali.

Wiki ya tatu, asubuhi, nilimkuta mlangoni na begi lake, kanga kaifunga vizuri.

"Shikamoo, Mama. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Nirudishe Kilosa. Basi la saa nne linanitosha."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nyumba yako nzuri, chakula kizuri. Miguu tu inaona baridi."

"Si nikununulie soksi?"

Akauliza taratibu, "Lile zulia ulimpa nani? Sema tu, mwanangu. Sitakasirika."

Niliona aibu. Nikaenda kabatini, nikalitoa. Lilikuwa linanuka dawa ya nondo.

"Sikumpa mtu, Mama. Nililitunza. Niliogopa litachafuka."

"Likichafuka si unalifua?" akasema. "Nilivuta uzi mwaka mzima, nikijua unakanyaga. Nimefika hapa naona sakafu tupu. Nikasema, kama kazi yangu imemchosha, na mimi nitamchosha."

Miaka yote nilidhani ninamheshimu. Nikasogeza meza, nikalitandaza. Lilikataa kulala sawa, mkunjo umekaa katikati, nikawa nalikandamiza kwa viganja kama chapati. Mama akavua ndala. Akaweka mguu mmoja, akatulia, akaweka wa pili. Vidole vyake vikajikunja ndani ya sufu, na mabega yake, ambayo tangu afike yalikuwa yamepanda, yakashuka. Akashika mkono wangu, akajishusha taratibu mpaka chini, akanyoosha miguu yote miwili.

Basi lilipiga honi barabarani. Nilikuwa nimesimama karibu na begi, sijui nilitoe nje au nilirudishe chumbani. Mama hakugeuza hata shingo. Alikuwa anapapasa mistari ya zulia, anatafuta kitanzi kilicholegea. Basi likapiga tena, kisha nikalisikia likiondoka.

Akasogea pembeni kidogo, akapiga sufu kwa kiganja.

"Kaa basi," akasema. "Mbona umesimama kama mgeni?"

Nikavua viatu.