Simu Iliyotoka Mbale

Masikio yangu yaliharibika nikiwa bado askari wa gereza, Jinja. Ulianza mlio mwembamba kama wa mbu, kisha sauti za watu zikaanza kupotea, za wanawake kwanza. Siku moja kwenye paredi wenzangu waligeuka kulia kwa amri, mimi nikaendelea mbele peke yangu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Baadaye nikastaafishwa.

Nilirudi nyumbani Walukuba, humo humo Jinja, nikajifungia. Majirani waliendelea kuniita afande, lakini waliacha kunisimulia mambo, maana kumpigia mtu kelele kunachosha. Mume wangu alikuwa akitoka kiwandani, anakula, anaongea na watoto. Mimi natazama midomo yao ikicheza.

Dada yangu anayekaa Namatala, kule Mbale, ndiye aliyeniandikia kwamba kuna mahali karibu naye wanafundisha kutengeneza tovuti. Njoo, alisema, kazi hiyo haina haja ya masikio. Nikaenda.

Darasani nilikuwa mtu mzima peke yangu. Mwalimu alitukataza kutumia zile programu zinazokupa tovuti iliyo tayari. Alitaka tuandike wenyewe msimbo, yale maagizo ya kompyuta, mstari kwa mstari. Aliongea sana, tena akiwa ameutazama ubao, kwa hiyo maneno yake hayakunifikia. Ila alichokiandika nilikiona. Alama hii inafungua aya, ile inaifunga. Ukisahau kufunga, ukurasa wote unavurugika. Nilikosea mno. Kuna wiki nilitaka kurudi Jinja kwa sababu picha zilikuwa zinapandana na sikujua kwa nini. Lakini kompyuta haikukunja uso hata siku moja kwa sababu nimeiuliza tena jambo lile lile.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa tovuti ya wanawake wanaosaga unga wa wimbi pamoja na dada. Ilipofunguka kwenye simu yake, picha zimekaa mahali pake, dada alinishika mkono. Kwa muda mfupi nilijiona mtu tena.

Mwalimu akanipeleka kwenye ofisi moja ya mjini iliyokuwa inatafuta mtu wa kutengeneza tovuti. Meneja aliipitia ile tovuti taratibu, kisha akaniuliza akinikabili, nikamsoma midomo.

"Umeiandika mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe, bwana. Kila mstari."

Alionekana kupendezwa. Akasema watanipigia.

"Naomba uniandikie," nikamwambia. "Simu siisikii."

Akaitikia kwa kichwa huku akiangalia saa yake.

Nilirudi Jinja kungoja. Simu ilikuja asubuhi, mume wangu yuko kazini, watoto shuleni. Ilitetemeka mezani, namba nisiyoijua. Niliipokea nikaibana sikioni, nikasikia ule mlio wangu tu. Nikasema kwa sauti, "Tafadhali niandikie ujumbe. Sisikii. Niandikie." Nikarudia. Nilipotazama kioo, simu ilikuwa imeshakatwa. Nikatoka mbio kumtafuta jirani anisaidie kupiga, nikamkuta akianika nguo. Alipiga mara kadhaa, kisha akanirudishia simu akitikisa kichwa. Haikupokelewa.

Siku kadhaa baadaye dada alikwenda pale ofisini mwenyewe. Aliambiwa, aliniandikia, kwamba mwombaji alipigiwa akawa anapiga kelele kwenye simu, wakaona hana adabu. Nafasi walikuwa wameshampa mtu mwingine.

Jioni nilimwonyesha mume wangu ujumbe huo. Aliusoma, akakaa kitako.

"Tutajaribu kwingine," akasema, akinikabili ili niyaone maneno.

"Wapi?" nikamuuliza.

Akaanza kunijibu, lakini alikuwa amegeukia dirishani. Sikumwomba arudie. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo.