Bi Geesje Avuna Jua

Kama kuna mtu hapa Groningen, Uholanzi, anayembwaga jirani yangu Geesje Dijkema kwa kubana matumizi, basi bado hajazaliwa. Sisi wenzake wa jengo hili si wabadhirifu, lakini mbele yake tunaonekana wafalme.

Ndiye aliyetutoa kwenye gesi ya kupashia nyumba. Kwao, kaskazini mwa mji, gesi ilichimbwa hadi ardhi ikatetemeka. Nyumba ya wazazi wake ikapasuka kuta, ikabomolewa naye akitazama. Hivyo wenye jengo walipotuuliza kama tunataka kuunganishwa na visima vya maji, alipanda ngazi mlango kwa mlango, na miaka yake sabini, mpaka tukakubali. Chini ya uwanja wetu kuna visima viwili, cha joto na cha baridi. Majira ya baridi, maji ya kisima cha joto hupasha nyumba zetu. Kiangazi, maji ya kisima cha baridi hupita chini ya sakafu, yakanyonya joto la vyumba na kulipeleka kwenye kisima cha joto, lingoje Desemba.

Mwezi wa saba akaja Harmen, fundi wa visima, uso umemshuka.

"Bi Geesje, kisima cha joto hakina joto. Hamna anayewasha ubaridi humu?"

"Tuwashe wa nini? Tunafunga mapazia, tunavumilia. Nimewakataza wote. Ule ni ubadhirifu."

"Umewakataza!" Harmen akakaa kwenye ngazi. "Mama, hilo joto mnalolifungia nje ndiyo akiba yenyewe! Tusipokijaza kisima mpaka mwisho wa Septemba, wenye jengo wanarudisha mitambo ya gesi. Wameshasema."

Bi Geesje alilitazama jua linavyochoma uwanja, kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Nyasi!" akapiga kelele. "Kwetu tulikata nyasi kiangazi, tukajaza ghala, ng'ombe wale baridi ikija. Nani aliita huo ubadhirifu? Na mimi, mjinga mkubwa, nimezuia watu wasivune!"

Akaanza upya mlango kwa mlango. Roelf wa ghorofa ya tatu alimpokea mikono kiunoni.

"Si wewe uliyesema nikigusa kile kitufe cha ubaridi utanikata mkono?"

"Leo nakukata usipogusa. Fungua mapazia, Roelf, jua liingie!"

"Liingie, halafu nilipoze? Umekunywa nini asubuhi hii?"

"Kahawa. Mwenzako wa juu analivuna lake tangu saa tatu. Lako linapotea bure, unalitazama tu."

Kusikia neno bure, Roelf alivuta mapazia kwa nguvu mpaka moja likang'oka.

Ah, ile Agosti! Tulikaa sebuleni na masweta, jua limejaa vyumbani, nyayo zimekufa ganzi kwa baridi ya sakafu. Nilipiga chafya mwezi mzima na sijawahi kufurahi vile. Roelf alihamisha kochi lake lisitie sakafu kivuli. Kila Ijumaa Harmen alibandika kipimo cha joto la kisima mlangoni, nasi tukasukumana kukitazama kama matokeo ya mtihani. Ikaja wiki mbili za mvua, kipimo kikagoma, Bi Geesje akasimama dirishani anayatukana mawingu moja moja. Hofu ilimkamata kweli, chakula kilimshinda. Wiki ya mwisho ya Septemba jua likarudi, na Ijumaa Harmen hakubandika kitu. Alikuja mbio, anapunga karatasi hewani.

"Kimejaa! Kimepita hata!"

Bi Geesje alimbusu mashavu yote mawili, akamrudia tena la kwanza. Habari ya gesi ikaishia hapo.

Desemba, asubuhi mfereji ulipoganda, akanigongea.

"Njoo ulale sakafuni."

"Nilale?"

"Lala, we! Maswali baadaye."

Nikalala chali kando yake, watu wazima wawili tumejinyoosha kama samaki sokoni. Joto likapanda mgongoni polepole. Alianza kucheka, nami nikacheka, na alipoacha kucheka machozi yalikuwa bado yanamtoka.

"Maisha yangu yote," akasema, "nimeona watu wakitoa tu kwenye hii ardhi. Sisi tumetia."

Kisha tukashindwa kuinuka, ikabidi tumpigie Roelf simu.