Makaa Yaliyolala

Mama mkwe wangu na mimi huitana Paker, kwa sababu siku nilipoolewa alinipa kondoo, na kwa Wamaasai zawadi ya kondoo hugeuka jina. Kwetu Ukambani ningemwita mama tu, yakaisha. Yeye anakaa Rombo, mimi Kitengela. Miaka yote amelinda msitu wa kando ya mto kwa fimbo na mdomo, na wachoma makaa walimwogopa kuliko askari wa misitu.

Ofisa alipokuja kutoka Nairobi na mkataba wa kuuingiza msitu huo katika mpango wa taifa wa tabianchi, niliombwa nitafsiri. Kimaasai changu ni cha kuolewa. Bila alama ya kidole cha Paker, akina mama wengine wasingeweka zao, na msitu ungebaki bila mtetezi huko juu.

Ofisa akasema miti yetu imebeba hewa ya ukaa, na serikali inataka ibaki humo humo. Ukaa, makaa: nikaona ni mtu na nduguye. Hayo ya kubaki niliyasahau kwa wasiwasi. Nikatafsiri kwamba serikali inataka makaa yaliyo ndani ya miti.

Paker akasimama.

"Hii serikali iko na akili kweli? Mimi nafukuza watu ya makaa kila siku, halafu nyinyi nakuja na karatasi!" Alisema kwa Kiswahili makusudi, ofisa asikie.

Wenzake wakaanza kujifunga shuka waondoke. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamshika mkono, nikaanza upya: makaa yamo mtini, yamelala, mti ukichomwa yanaamka, yanakuwa moshi, na moshi unatuletea ukame. Serikali inaomba yasiamshwe.

Akamgeukia ofisa. "Sasa umetoka Nairobi kuniambia niendelee kuwa mkali?"

"Ndiyo, mama."

Akaweka kidole.

Ananicheka mpaka leo kwa tafsiri ile. Lakini miguu imemwishia nguvu, nami nampenda mno hata siwezi kuzoea kuona fimbo yake imeegemezwa ukutani. Ripoti ya Nairobi ikitakiwa, ni mimi ninayezunguka msituni. Nikirudi huniuliza kutoka kitandani:

"Paker, makaa yamelala?"

Mara ya mwisho nilikuta tanuri jipya la makaa, bado linafuka. Sikuweza kumdanganya.

"Mengine yameamka, Paker."

Akaitazama fimbo ukutani. "Nairobi wataandika," akasema. "Wewe chukua fimbo."