Siku Simu Ilipomkuta Kiangazi Hajalewa

Saa mbili asubuhi, kinachoonekana cha fundi ni miguu tu. Mwili uliobaki umezama chini ya sinki la kiwanda kidogo cha mikate. Spana inalia, bomba linakohoa, kisha inatoka sauti ya taratibu: "Haya, mama. Fungua."

Mwenye kiwanda, mama aliyejaa unga hadi kwenye nyusi, anafungua bomba. Maji yanatoka. Anainama kumchungulia fundi.

"Kiangazi, kabla hujaondoka nioneshe huo mfuko. Usije ukatukimbia na kishikio."

"Pekua, mama. Leo utakuta soksi tu."

Wafanyakazi wanaangua kicheko, naye fundi anajitokeza akicheka kuwashinda wote.

Mgeni hawezi kuelewa utani huo mpaka asimuliwe. Miaka minane hivi iliyopita, fundi bomba huyu, ambaye sasa anakaribia miaka sitini, aliitwa kubadilisha bomba lililooza katika jengo la ghorofa nne. Akafunga koki kuu, akachomoa kishikio chake na kukitia mfukoni ili asitokee mtu akayafungulia maji kazi ikiwa haijaisha. Ndivyo wafanyavyo mafundi waangalifu. Kisha akatoka kwenda kununua tepu, na njiani akapitia kilabuni "mara moja tu".

Alirudi kesho yake jioni. Kishikio kilikuwa bado mfukoni. Jengo zima lilikuwa limelala bila tone la maji, wazee kwa watoto wakipandisha ndoo kwa ngazi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Akawa Kiangazi.

"Uangalifu wangu ndio ulioleta balaa," anasema. "Mlevi hasahau kazi yote. Anaikumbuka nusu, na hiyo nusu ndiyo mbaya."

Aibu hiyo haikumwachisha pombe. Watu walisema la kuvunda halina ubani, naye aliwaamini. Kilichomgusa kilikuja baadaye, binti yake wa pekee alipojifungua. Kiangazi alinyoosha mikono kumpokea mjukuu. Mikono ilikuwa inatetemeka. Binti akamrudisha mtoto kifuani.

"Baba," akamwambia, "mpaka mikono itulie."

"Alisema kwa upole kabisa," anakumbuka fundi. "Angenitukana ingekuwa nafuu. Tusi unalijibu. Upole utaujibu na nini?"

Ilimchukua karibu miaka miwili kulitafuta jibu. Alijiunga na kikundi cha walioamua kuacha, wanaokutana jioni katika chumba cha nyuma cha nyumba ya ibada. Hufungua kwa sala na kufunga kwa sala, na katikati husema ukweli. Alianguka mara mbili, wakamwinua mara mbili. Kisha hakuanguka tena.

Mikono ikatulia. Moyo wa binti ukachelewa. Alimleta mtoto kumsalimia babu yake kila wiki, lakini hakuwahi kumwacha naye, hata kwa muda wa kwenda dukani kununua chumvi.

"Sikumchukia baba," anaeleza binti huyo, ambaye ni mshonaji katika kiwanda cha sare. "Ni kama ngazi yenye kidato kibovu. Hata kikishatengenezwa, mguu wako bado unakiruka."

Kiangazi hakumlaumu. Alimwomba Mungu jambo moja tu: siku moja aachiwe mtoto huyu, hata kwa saa moja. Wakati akisubiri, alijifunza kushukuru kwa vitu ambavyo wengine hawavioni. Jirani kumtupia mtoto mchanga mikononi ili akimbizane na nguo zilizopeperushwa na upepo. Mpita njia kumsimamisha amsukumie gari lililozimika. Zaidi ya yote, simu kulia.

"Zamani simu ikilia nilijaribu sauti kwanza," anasema. "Nilisema, 'Haloo, haloo,' peke yangu kama mwendawazimu. Nikiona ulimi mzito, naiacha ilie. Siku hizi napokea tu. Mtu hajui raha ya kupokea simu tu."

Jumanne moja mwezi uliopita, alikuwa juu ya paa akifunga tangi la maji simu ilipolia. Ilikuwa namba ngeni. Akapokea.

"Wewe ndiye babu wa mtoto mmoja hivi, mkali, hana meno ya mbele?" akauliza mwalimu wa zamu wa shule ya mjukuu wake.

"Ndiye huyo huyo. Kafanya nini?"

"Kateleza uwanjani, kapasuka kidevu. Tumempigia mama yake, hapokei. Mwenyewe ndiye katutajia namba yako."

Katika kiwanda cha sare, simu za washonaji hufungiwa kabatini hadi mapumziko. Na namba ya babu, mtoto alikuwa ameijua muda mrefu: imepakwa rangi nyeupe ubavuni mwa sanduku lake la vifaa, na hapo ndipo alipojifunzia kusoma tarakimu.

Kiangazi alishuka ngazi. Anasema alipofika chini alisimama kwanza akiwa ameishika ngazi, si kwa hofu ya jeraha. "Niliwaza, saa hizi zamani ningekuwa wapi? Mtoto angetaja namba yangu, simu ingelia, ingelia, na yeye anaisikiliza. Nikasema, 'Ee Mungu, asante kwamba nipo.' Sikuwa na sala ndefu kuliko hiyo."

Zahanatini alikompeleka mtoto, muuguzi alilijua lile jina la mtaani na kisa chake. Alimsogelea karibu kuliko ilivyohitajika, akavuta pumzi.

"Nusa tu, mwanangu," fundi akamwambia. "Ni chai."

Muuguzi akaona haya, kisha akacheka. "Basi nishikie kichwa chake, mzee. Kisitikisike hata kidogo. Mishono ni mitatu."

Akakishika kichwa kile kidogo kwa viganja viwili, vile vile vilivyokataliwa siku ya kwanza. Ganzi iliingia, sindano ikafuata. Mtoto alikuwa ameyakodoa macho, akimtazama babu yake juu chini.

"Babu, mbona midomo inacheza? Unaniombea mimi au unajiombea wewe?"

"Sote wawili. Nyamaza, utashonwa ulimi."

"Muombee na nesi, ndiye mwenye sindano."

Mikono haikutetemeka. Muuguzi alipokata uzi wa mwisho, machozi yalikuwa yakimtiririka mtu mzima, na mtoto ndiye aliyemwambia, "Basi, babu, yameisha."

Binti, aliyeikuta simu ya mwalimu wakati wa mapumziko, alifika akihema, ushanga wa jasho kwenye paji la uso. Alimkagua mtoto, kisha akamgeukia baba yake, akasimama usoni pake na kuvuta pumzi.

"Nilimnusa baba yangu kama ninavyonusa maziwa kabla ya kuyachemsha," anasema leo, akiangalia chini. "Mbele ya watu. Naye akasimama tu, akaniacha ninuse mpaka nitosheke."

Hakumkumbatia. Hakuomba radhi. Alimfunika mtoto kanga begani, akamtazama baba yake tena, na kusema maneno ambayo fundi huyo anayarudia kama mtu anayeonja kitu:

"Baba, mimi zamu yangu haijaisha. Utakaa naye mpaka jioni?"

"Nitakaa naye."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Kiangazi aliangalia mlango kwa muda, akisubiri arudi kusema amebadili mawazo. Hakurudi.

Wahenga husema maji yakimwagika hayazoleki. Fundi huyu hapingi. "Kweli hayazoleki," anasema. "Lakini tundu la bomba linazibika, na likizibika maji mengine yanakuja."

Tangu siku hiyo, mjukuu hushinda kwa babu yake kila Jumamosi, mama yake akiwa kazini. Wanaosha vyombo pamoja, wanagombana kuhusu nani kamaliza sabuni, na kabla ya kula mtoto ndiye anayeomba, kwa sababu anadai babu anarefusha.

Kuna tatizo moja tu: bomba la uani liko juu, na mtoto hulifikia kwa kupanda tofali. Kwa hiyo Jumamosi ijayo, Kiangazi anapanga kufunga jingine kando yake, chini kabisa. Ameshanunua koki. Urefu bado hajaupima. Anasema atamngoja mtoto mwenyewe aje, asimame hapo ukutani, anyooshe mkono.