Mzaha Aliousahau Rubani

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, ingawa ningepewa kuchagua ningekumbuka nyingine. Nilikuwa bado msichana, nimetoka Usoke kwa treni ya asubuhi kuja hapa Tabora. Mama yangu ndiye aliyenituma. Tulikuwa tumesikia kwamba kwenye makumbusho ya ndege, lile banda la mabati ambalo siku hizi limefungwa, yupo mzee mstaafu aliyekuwa rubani wa ndege za kivita, na kwamba aliruka pamoja na kaka yangu Maganga wakati wa vita.

Maganga naye alikuwa rubani. Aliondoka hakurudi, wala mwili wake haukurudi. Tangu habari zilipofika, mama alishuka kitandani akalala chini, mkekani, kama wafiwa wanavyolala, na matanga hakutaka yaanuliwe. Wazee walimsihi. Padre alikuja. Jibu lake lilikuwa moja: "Sijazika mtu. Nileteeni neno lake la mwisho, nitalizika hilo, nirudi kitandani." Miaka ikapita, mgongo wake ukapinda kwa baridi ya sakafu.

Basi nikaenda kulitafuta hilo neno.

Nilimkuta mzee mrefu, kofia mkononi, akiwaeleza wageni habari za ndege kuukuu. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mtu wa wapi?"

"Mnyamwezi, wa Usoke."

"Aa! Weka mzigo chini basi, mpagazi, Bagamoyo bado mbali!"

Nikajua ni Mzaramo, mtani wetu. Utani huu, mwanangu, babu zetu waliuokota njiani, enzi za kubeba pembe za ndovu kwenda pwani. Nikamjibu, "Niuweke wapi, na Mzaramo kasimama hapa? Nikigeuka tu utakuwa umeshauuza, uende ukacheze ngoma."

Alicheka mpaka akashika bawa la ndege. Kisha nikamtajia jina la kaka yangu, na kicheko kikakatika. Mtani akinyamaza mbele yako, jua pana jambo.

Alinipandisha ngazi fupi nichungulie ndani ya ndege. Kiti kimoja. Miaka yote nilikuwa nikidhani Maganga alikufa akiwa na mtu pembeni.

"Tuliruka ndege mbili, mimi yangu na yeye yake," alisema. "Juu ya ziwa tukaingia mawinguni. Nilipotoka nilikuwa peke yangu. Nilimwita redioni mpaka mafuta yakanilazimisha kurudi."

"Neno lake la mwisho lilikuwa lipi, baba?"

"Alinitania. Nikacheka. Nimelisahau, binti yangu. Kicheko changu nakikumbuka, mzaha wenyewe siukumbuki."

Nikamsihi. Nikamweleza habari za mkeka. Nikamwambia, "Tunga lolote, baba. Wewe mtani huwezi kukosa mzaha. Mama hatajua."

Akanitazama kwa ukali ambao sikuutegemea. "Marehemu nimsemee mimi? Nimemwacha mawinguni, sasa nimpachike mdomo wangu? Hapana. Mpelekee mama yako ukweli, hata kama ni mtupu."

"Mbona hukuja msibani? Si mtani ndiye anayetuzika na kuwachekesha wafiwa?"

"Ningeingia na mzaha gani, nami ndiye niliyerudi? Nilijiambia nitakwenda aibu ikipoa. Haikupoa mpaka leo. Na lile neno likanitoka."

Nilipofika nyumbani mama alikuwa akichambua majani ya tumbaku, akitenga yaliyoungua. Nikamweleza yote kama nilivyoyapata. Akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo alikuwa anacheka?"

"Aliyecheka ni rubani, mama. Maganga hatujui."

"Basi," akasema, akaendelea na majani yake. Giza lilipoingia alitandika mkeka palepale. Alifia hapo, mvua za mwaka uliofuata. Tulimpandisha kitandani kwa ajili ya kumwosha.

Watu husema ukweli huponya. Mimi huo wangu sikuuona ukiponya. Kama ningedanganya ingekuwaje, hilo nalo sijui, na nimeacha kujiuliza kwa sababu kujiuliza hakumrudishi mtu.

Nikuachie nini basi? Hili dogo. Wahenga walisema kawia ufike, nami siwapingi kwa safari nyingine. Kwenye msiba, mwanangu, usikawie. Ukiwa wewe ndiye uliyemsikia mtu mara ya mwisho, nenda kwa mama yake hata kama mikono ni mitupu na uso umejaa aibu. Pengine watakutukana. Kaa. Neno la marehemu ni amana, nayo huoza mdomoni mwa anayeificha. Na ukiwa wewe ndiye uliyefiwa, usimngoje mtu aje akupe ruhusa ya kuinuka. Anua matanga ungali unalia. Mama yangu alingoja, na maji yakimwagika hayazoleki.

Sina zaidi ya hayo. Mungu akupe miguu ya kufika mapema kwenye nyumba zenye kilio, akuzidishie watu wa kukulilia na wa kukuchekesha, na zamu yako ikifika, usiwe peke yako. Amina.