Mimi, Nyaboth na Inspekta

Vitabu vilivyokaa sana chini ya bati la Turkana vina harufu yao: gundi iliyolainika, vumbi, na moshi kidogo wa makaa. Juzi hapa Lodwar, kwenye kibanda cha mitumba karibu na stendi, nilifungua kimoja nikakaa chini pale pale vumbini. Alikuwa ni yeye, mpelelezi wetu mwanamke. Muuzaji alidhani nimepigwa na jua, akanipa kiti.

Nilikulia Kakuma mjini, mama akiuza makaa kwenye kambi ya wakimbizi. Huko ndiko nilikompata Nyaboth, msichana wa Sudan Kusini, mrefu kumpita mwalimu wetu. Maktaba ya shule ilikuwa na mfululizo mzima wa kesi za mpelelezi huyo, nasi tukamwita Inspekta tu, kama jirani. Wanaume wazima walinyamaza akiingia chumbani, jambo ambalo hatukuwahi kuliona popote. Tulisoma kwa zamu, na kurasa za mwisho zikikosekana, Nyaboth alimtaja muuaji mwenyewe bila wasiwasi. Mara nyingi alimchagua mume.

Baadaye tukaanza kesi zetu. Kwetu Waturkana mtoto husoma nyayo kabla ya kusoma herufi; anajua unyayo wa mbuzi wao na kandambili ya kila jirani. Nyaboth alinicheka, kisha akataka nimfundishe. Tulipata mbuzi waliopotea, tukapata na mtungi wa maji ulioibwa. "Njia ya mwongo ni fupi," alimwambia mshukiwa, mikono kaikunja kifuani.

Tulikuwa darasa la saba alipoacha kuja shuleni. Nilienda kwao. Uani niliona nyayo zake, zile za sandali ya tairi iliyokatika kisigino, katikati ya alama za viatu vikubwa vya watu wawili. Zilikuwa zimeburutwa. Nilizifuata hadi barabara ya Lokichoggio, iendayo mpakani, zikaishia kwenye alama za magurudumu. Nilijua la kufanya, kwani Inspekta alikuwa ametufundisha.

Nikahoji mashahidi. Nilitegemea uongo, maana vitabuni kila mtu hudanganya kwanza. Hakuna aliyenidanganya. Mama muuza chai alinisalimia ejok kama kawaida, akasema Nyaboth kachukuliwa na baba zake wadogo, walikunywa chai pale pale kabla ya safari. Jirani akaongeza kwamba ng'ombe wa mahari walikwisha kukubaliwa ng'ambo ya mpaka. Mama yake Nyaboth alikuwa anachambua maharagwe, na hakuinua macho.

"Nyaboth imeenda kwa bwana yake," alisema. "Mambo ya shule imeisha."

Machozi yalimdondokea kwenye ungo, naye akaendelea kuchambua.

Nilikimbia hadi polisi. Aliyekuwa zamu ni afisa mwanamke, nami nikamshukuru Mungu, nikaona sasa Nyaboth atarudi. Nilimpangia ushahidi wote, kuanzia nyayo hadi ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji ya kunywa.

"Kujua najua, mami," alisema. "Nimepigia askari wa barabarani simu tangu asubuhi. Wakishavuka mpaka pale Nadapal, mimi ni mama tu kama mama yako."

Nikamwambia Inspekta angevuka. Akaniuliza Inspekta gani, wa kituo gani.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini tulivipenda vile vitabu. Mle ndani mwovu hujificha, na anajificha kwa sababu anajua akionekana watu watakasirika. Kazi ya Inspekta ni kumfichua tu. Hasira ya watu inamaliza iliyobaki. Kwetu hakuna aliyejificha. Waliaga majirani mchana kweupe, wakatakiwa safari njema. Nilijua kila kitu kabla ya jioni, na haikusaidia hata kidogo. La kuvunda halina ubani.

Siku hizi nikikutana na mwanamke aliyetoka ng'ambo, namuuliza kama amewahi kumwona Nyaboth, mrefu, mwenye kicheko. Wananionea huruma, wanajitahidi. Lakini Nyaboth ni wengi kule, na mke hujulikana kwa mumewe, kwa hiyo wote huishia kuniuliza swali lile lile: Nyaboth wa nani?

Sijui. Jina la huyo mwanamume sikulipata kamwe.