Niliwaambia Watu Taa Iliwaka Kisimani

Admin, jina langu lifiche ila kazi yangu usiifiche. Mimi ni mzee wa miaka sabini na nne, mchimba visima. Kutoka Rabai mpaka Ngomeni ukinywa maji matamu, uliza kisima kilichimbwa na nani. Shule niliacha darasa la tatu na haya nayaandika kwa kidole kimoja, leo siku ya tatu. Mkitaka kucheka chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Nyumbani kwangu, huku nje ya Malindi, naishi na mjukuu wangu wa kike wa miaka ishirini na mbili, na dada yangu mdogo ambaye ni mjane. Dada alifukuzwa ukweni miaka kumi na moja iliyopita, wakisema ni mchawi, eti alimuua mumewe. Mimi ndiye niliyemchukua. Watu wananisifu kwa hilo, hata kanisani nilisimamishwa siku moja nikapigiwa makofi.

Sasa huyu mjukuu ana gemu anacheza kwenye televisheni. Jumamosi mchana nilimkuta anabishana na wenzake kwenye simu. Ndani ya hiyo gemu kuna mzee mmoja, wala si mtu mkubwa, kazi yake ni kumsalimia shujaa anapopita kijijini. Baadaye ukirudi unamkuta amekufa chini ya kisima. Gemu haisemi kilichomuua. Wengine wanasema sumu, wengine wanasema alisukumwa.

Nikamwambia, "Hebu nionyeshe. Hao wenzako kuna hata mmoja aliyewahi kushika sururu?"

Nilitazama kidogo tu nikajua. "Huyu hakusukumwa," nikasema. "Anayeanguka huvunjika. Huyu amekaa mgongo ukutani kama anayesinzia. Na itazame hiyo taa kando yake. Kioo kizima, mafuta tele, lakini imezimika. Ameuawa na hewa mbaya. Kisima kikifunikwa siku nyingi hewa yake huharibika. Ndiyo sababu sisi mafundi hushusha taa kwanza kwa kamba. Ikizimika, mtu hashuki."

"Sasa babu, kama taa ilizimika, mbona yeye alishuka?"

"Si aliambiwa ni upepo! Akaambiwa shuka, acha uoga."

Mjukuu akaangua kicheko. "Babu naye! Hayo hayamo kwenye gemu, umeyatoa wapi?" Lakini aliyaandika kwenye kikundi chao, na wote wakakubali, wakaniita profesa wa visima. Siku nyingine ningezunguka mtaa mzima nikijisifu. Ila dada yangu alikuwa pale pale kwenye mkeka, anachambua mboga ya mchunga, na mikono yake ilikuwa imesimama.

Nitasema sasa, maana nimeshaanza. Mume wake nilikuwa nachimba naye. Siku ile tulikwenda kwenye kisima tulichokuwa tumekifunika wiki nzima kwa sababu ya mvua. Tukashusha taa, ikazimika. Shemeji akasema, "Fundi, imezimika." Nikamjibu, "Upepo huo. Mimi nachimba tangu wewe hujavaa suruali. Unashuka, au nimwite mkeo ashuke badala yako?" Akacheka, akashuka. Nilimwita mara tatu hakuitika.

Niliivuta ile taa, nikaiwasha tena. Watu walipokuja mbio walinikuta nimeshika taa inawaka mchana kweupe. Marehemu alipotolewa kwa kulabu na kamba hakuwa na jeraha wala damu. Wakaniuliza, "Fundi, taa mlishusha?" Mimi, mwenye visima vyote hivyo, niseme nini? Nikasema tulishusha na iliwaka vizuri. Basi wakasema, kama taa iliwaka na mwili hauna alama, hiyo ni kazi ya mtu. Na mtu waliyemuona ni mkewe, kwa kuwa alfajiri ile walikuwa wamegombana, na majirani walimsikia akimwambia, "Nenda na usirudi."

Jumapili asubuhi dada aliniletea uji. Hakuondoka, alisimama tu mlangoni.

"Kaka, siku ile taa ilizimika?"

"Iliwaka. Nilisema siku ile, na leo nasema hivyo hivyo."

"Haya," akasema. "Basi acha niende kwa wakwe zangu Ijumaa. Nikila kiapo nitajua kama ni ulimi wangu uliomuua."

Ndugu zangu, miaka kumi na moja nilidhani analia kwa kusingiziwa. Kumbe na yeye mwenyewe hana hakika! Wakwe zake wamesema akila kiapo mbele ya wazee, kile kinachomdhuru mwenye hatia, na kisimdhuru, atarudi kwake, na siku akifa azikwe kando ya mumewe. Anakiogopa hicho kiapo mpaka chakula hakipiti, lakini leso zake ameshazifunga kwenye mfuko.

Tangu hapo situlii. Nakaa, nainuka. Nafika getini, narudi, nashika sururu, naiweka. Mjukuu ananiuliza babu unatafuta nini, namfokea. Najua mtaniambia nimwambie tu. Kwenu rahisi. Mimi hata marehemu mke wangu hakuwahi kunisikia nikisema nimekosea. Nikilitamka hili, hakuna kisima changu hata kimoja kitakachotajwa tena, kitatajwa hicho kimoja tu. Na dada nitamtazama vipi, aliyenipikia uji miaka yote akinishukuru kwa kumsitiri?

Na bado sijawaambia lililo baya zaidi. Wakwe wanataka shahidi. Wamesema fundi aje mwenyewe Ijumaa, asimame mbele ya wazee, aseme tena kwamba taa iliwaka. Gari linatufuata saa mbili asubuhi, na dada ameshanipigia shati langu jeupe pasi.

Sijawahi kuomba ushauri kwa mtu tangu nizaliwe. Leo naomba kwenu. Nimwambie dada hapa nyumbani kabla gari halijafika, au ningoje nisimame pale wote wanisikie? Na neno la kwanza liwe lipi?